Mjomba hanitozi hata shilingi, na gari inazidi kuoza

Bi Mkubwa, assalaam alaykum.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, nina miaka 43, nakaa Fuoni, Unguja, na mume wangu na watoto watatu. Nimesita sana kukuandikia kwa sababu shida yenyewe ni gari, na najua wapo watakaocheka. Lakini gari hii imeshaingia ndani ya ukoo wetu, na sasa hata mama yangu nikimpigia simu tunazungumza kwa kupimana maneno.

Miaka miwili iliyopita nilipata fungu langu la karafuu za shamba la marehemu baba kule Wete. Nikajumlisha na zamu yangu ya upatu, nikanunua gari ya kulala. Kwa wasioijua, ni Toyota HiAce ya mwaka 1997, ya dizeli, iliyotumika Japan. Paa lake limeinuliwa, na ndani ina kitanda cha kukunjua, sinki yenye pampu, jiko la gesi la mafiga mawili, friji ndogo na taa zake. Pamoja na ushuru ilinifikia milioni 29. Wazo lilikuwa langu mimi. Mume wangu ni dereva wa wageni na kila siku alikuwa akiniambia wapo wanaotaka kuzunguka kisiwa bila ya kuhama hoteli kila usiku: leo Matemwe, kesho Jambiani, keshokutwa Kizimkazi. Tukaelewana na jamaa wenye nyumba za wageni watuachie kuegesha viwanjani kwao kwa malipo kidogo, na masheha wa huko tukawaarifu.

Fundi nilikuwa naye tayari. Mjomba wangu, kaka yake mama, ana zaidi ya miaka thelathini chini ya magari. Gereji yake iko Kwarara, na daladala nyingi zinapita mikononi mwake. Baba alipofariki nikiwa darasa la tano, mjomba ndiye aliyeninunulia sare na viatu mpaka nikamaliza. Hajawahi kunitoza hata shilingi moja. Nanunua spea tu, na siku nyengine nampelekea sahani ya biriani.

Mwanzo mambo yalikwenda vizuri. Alibadilisha mkanda wa taiming, pedi za breki, bushi na shokapu, gari ikawa inakwenda kama mpya. Kisha likaja la friji. Jioni moja alivuta waya kutoka ndani kwake akauchomeka kwenye gari ili tuijaribu. Taa ziliwaka kali mno, dakika haijatimia nikasikia mlio mdogo, ikatoka harufu kama ya nywele zinazoungua. Friji na mtambo wa kuchajia betri ya ndani vyote vikafa. Mjomba akasema, "Vitu vya mtumba hivi, mwanangu." Baada ya siku mbili nikiwa nasafisha ndani nikaona kibati nyuma ya kabati, maandishi yote ya Kijapani isipokuwa 100V. Sikumwambia.

La pili ni paa. Masika ya kwanza lilivuja juu ya kitanda. Mjomba akapaka silikoni. Likavuja tena, akapaka silikoni juu ya silikoni. La tatu alipanda juu mwenyewe saa mbili usiku na tochi mdomoni, mtu wa miaka 67, akamwaga lami. Mwezi wa Mei tukapata wageni, mume na mke na mtoto wao wa miaka minne, wamelala Paje. Saa tisa usiku simu inalia. Tulipofika godoro limelowa lote na mtoto anatetemeka. Nilimfunga khanga niliyojitanda. Tuliwarudishia fedha zao zote, na walikuwa waungwana, lakini njiani kurudi mume wangu hakusema neno mpaka Tunguu.

Tangu siku hiyo gari imesimama. Mume wangu anataka tuipandishe meli tuipeleke Dar es Salaam, ana rafiki yake huko anayejua gereji ya magari ya Japan. Kuna mtu mwengine kaniambia atanipa milioni 15 hivi hivi ilivyo. Nilipomgusia mjomba kwamba labda tumtafute mtu aliangalie paa, alicheka akasema, "Mchagua jembe si mkulima." Mama ndiye aliyekuwa mkali. Kaniambia nikiipeleka kwa mtu mwengine nitakuwa nimemvua nguo kaka yake mbele ya Kwarara nzima.

Bi Mkubwa, fundi wa kuaminika wa gari kama hii nitampata wapi katika kisiwa ambacho nimeziona mbili tu, na moja ni yangu? Au niuze tu niwe na amani na watu wangu?

Mwalimu, Fuoni

*

Wa alaykumu salaam, Mwalimu wangu.

Wa kucheka hayupo, na kama yupo basi hajawahi kufanyiwa kazi ya bure na ndugu. Marehemu mume wangu alikuwa na mashine ya boti iliyokuwa ikitengenezwa na mdogo wake, kwa mapenzi tu, bila ya malipo. Tuliishi pwani, na miaka minne tulikula samaki wa kununua. Kwa hiyo barua yako niliisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu.

Umeniuliza habari ya fundi, lakini naona yamefungamana mambo matatu. Ipo gari. Yupo mjomba ambaye alikuvisha viatu ukiwa yatima. Na zipo fedha za karafuu za baba yako, ambazo umezitaja mara moja tu ukapita haraka, ingawa nadhani ndizo zinazokunyima usingizi. Milioni 15 juu ya milioni 29 si hesabu ya gari peke yake, ni shamba la Wete linalopungua mbele ya macho yako. Nikikosea utanisamehe.

Tuanze na mjomba. Umeandika kwamba gari inazidi kuoza mikononi mwake, kichwa cha barua yako ndivyo kinavyoashiria. Lakini hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe. Mkanda wa taiming kabadilisha, na gari imezunguka kisiwa. Breki zinashika. Bushi na shokapu hujazilalamikia. Usiku ule wa Paje gari haikukwama njiani. Alipofanya kazi yake ya miaka thelathini, kaifanya. HiAce kwa mafundi wetu ni kama mkeka kwa msusi wa Makunduchi, wanaijua kwa vidole, na spea zake unazipata bila ya kuagiza mbali. Katika hilo una bahati kuliko unavyojiona. Ungekuwa umenunua gari ya kulala ya Ulaya, zile zinazojengwa juu ya Fiat Ducato, leo ungekuwa unaniuliza habari ya pampu ya maji ya injini iliyoko Italia.

Palipoharibika ni juu. Gari ya kulala ni gari chini na nyumba juu, na hiyo nyumba ina kazi zisizofanana: umeme wa aina mbili, bomba na pampu, gesi, friji, mbao, na paa la faiba. Wewe mwalimu utanielewa. Mtu anasomesha hesabu vizuri, halafu mkuu wa skuli anampa na kuchora, na ushairi, na mpira wa pete, kisha tunashangaa watoto wamefeli. Ulitafuta fundi mmoja wa gari nzima. Fundi huyo sidhani kama yupo Unguja, na nina wasiwasi kama yupo Dar es Salaam pia.

Chukua hiyo friji. Umeme wa majumbani Japan ni volti 100. Wa kwetu ni 230. Ukikichomeka kifaa cha huko kwenye waya wa huku, kimepokea zaidi ya mara mbili ya kilichozoea. Ndiyo maana taa ziliwaka kali kabla ya ile harufu. Hapakuwa na mtumba mbovu, palikuwa na kibati ambacho hakuna aliyekisoma, kwa sababu magari ambayo mjomba anayajua hayachomekwi ukutani. Ila, mwanangu, wewe ulikisoma baada ya siku mbili, na hukumwambia. Najua kwa nini. Ulimstahi. Lakini hivi leo yule mzee bado anaamini kwamba vitu vya mtumba ndivyo vilivyomwangusha, na akipewa gari nyengine kama yako atafanya vile vile. Nakuuliza tu, wala usinijibu mimi: kule kumstahi kumemsaidia nani?

Na paa. Hapa nilikwenda kumuuliza mtu, mzee wa Nungwi ambaye kazi yake ni majahazi na siku hizi na boti za faiba za watalii. Nilipomwambia silikoni juu ya silikoni na lami juu yake, alifumba macho kama mtu aliyetonesha kidonda. Kasema chombo kikivuja hutii kalafati mpya juu ya kalafati iliyooza. Unaichokoa ya zamani yote mpaka uone ubao mkavu, ndipo unapotia pamba na mafuta. Paa la gari ni hivyo hivyo. Silikoni ya zamani haishikani na mpya, maji yanapita katikati. Tena maji hayavuji pale unapoona tone. Yanaingia kwenye skrubu ya dirisha la juu, yanatembea ndani ya dari dhiraa nzima, yanakuja kudondokea juu ya kitanda. Alichokiziba mjomba huenda hata sipo palipotoboka. Na kasema jambo jengine lililonitia hofu zaidi: gonga dari na kuta za ndani kwa kifundo cha kidole, pole pole, kutoka dirishani kwenda kitandani. Ubao mzima unalia. Uliooza unajibu kama unagonga mkate. Kujua umeoza hadi wapi ndiko kutakakokuambia kama gari hii ni ya kutengenezwa au ya kuuzwa, si mimi wala mama yako.

Nimejibu nusu ya swali lako bila ya kukusudia. Fundi wa hiyo nyumba ya juu usimtafute gereji, mtafute pwani. Watu wa boti wanajua faiba, wanajua gundi zinazostahimili chumvi na jua, wanajua pampu ndogo za volti 12, betri za ndani na paneli za sola, kwa sababu boti yenye kulala watu ndiyo hiyo gari yako, imekosa magurudumu tu. Friji mpe fundi wa friji. Umeme mpe fundi umeme wa magari ambaye utamwonyesha kile kibati kabla hajatoa koleo mfukoni.

Kumjua wa kuaminika ni kazi nyengine, na hapo sina dawa ila mazoea. Mpe kwanza kazi ndogo, ya taa moja au bomba moja, uone anarudi lini na anakurudishia nini. Mwambie kifaa cha zamani akiachie mkononi mwako. Makubaliano ya bei yaandikwe, hata nyuma ya karatasi ya mtihani, na usilipe yote mwanzo. Piga picha kabla na baada. Mimi binafsi huwa namsikiliza kwa neno moja tu: kama hata mara moja katika mazungumzo atasema "hili silijui, ngoja niulize". Asiyelisema kabisa namwogopa, hata awe na sifa mpaka Chake Chake.

Nirudi kwa mzee wetu, maana ndiko kwenye uzito. Umesema hakutozi, na umelisema kama jambo jema. Ni jema. Lakini kazi isiyo na malipo haina pia pa kulalamikia. Huwezi kumwambia mtu "rudia" kwa sahani ya biriani. Na yeye naye hawezi kukuambia "hii siiwezi", kwa sababu kwake wewe si mteja, wewe ni yule mtoto wa darasa la tano, na mtoto huambiwi kwamba mjomba hajui. Yule mtu aliyepanda juu ya paa usiku na tochi mdomoni, kwa umri wa miaka 67, sioni kama ni mtu asiyejali. Naona mtu ambaye kaona aibu ya mara mbili na hataki iwe ya tatu. Kwa nini usiku? Mchana Kwarara ina watu.

Na nani aliyesema kwamba atakasirika? Katika barua yako mjomba kacheka na katoa methali. Aliyesema habari ya kuvuliwa nguo ni mama. Huenda mama anamjua kaka yake kuliko sisi sote. Huenda pia anaogopa jambo lake mwenyewe, la kuonekana bintiye amesahau fadhila. Hayo ni mawili tofauti na yanataka mazungumzo mawili, na la mama ningelianza mimi, nikiwa nimekaa naye jikoni, si kwa simu.

Kwa mjomba zipo njia, na kila moja ina mwiba wake. Unaweza kumwambia: "Mjomba, injini na miguu ya gari ni yako, sitaki mkono mwengine uiguse. Juu namleta mtu wa boti, na nakuomba uwepo siku hiyo umwangalie." Kwa namna hii unambakishia kiti chake, kiti cha mkubwa wa kazi. Mwiba wake ni kwamba anaweza kuwepo kweli kweli, akamsimamia fundi wa watu mpaka akakimbia. Unaweza kuanza kumlipa, ili pawe na hesabu baina yenu. Wapo wazee watakaoshukuru, maana gereji ina kodi na wanafunzi wa kulishwa. Wapo watakaoona umewafanya vibarua. Ukichagua hilo usimwekee fedha mkononi mbele ya vijana wake. Mumeo ndiye ampelekee, kama fungu la kazi kutoka kwenye biashara. Na habari ya kile kibati cha 100V ipo. Kumwambia leo kutauma. Asipojua, atakayechomeka waya tena anaweza kuwa yeye.

La Dar es Salaam silikatai. Kuna mafundi wengi zaidi, na Kariakoo utapata vitu ambavyo hapa utaambiwa subiri. Lakini pigeni hesabu ya meli kwenda na kurudi, ya mumeo kukaa huko bila ya wageni wake, na muulize forodhani mapema kuhusu gari yenye namba za Zanzibar kukaa upande ule. Halafu jiulize swali la miezi sita mbele: pampu ikigoma tena Jambiani, mtaipandisha meli tena? Fundi aliye ng'ambo ya bahari ni mzuri kwa kazi moja kubwa. Wa kila siku ni lazima umfikie kwa daladala.

Kuuza nako si kushindwa. Ila milioni 15 umepewa na mtu anayejua umechoka, na wewe hujui bado unauza nini. Pengine inahitaji milioni mbili tu kusimama. Pengine dari lote limeoza, na huyo mnunuzi kakupa bei nzuri bila ya kujua. Likiwa hilo la pili, dini yetu unaijua, aibu ya kitu haifichwi kwa mnunuzi, na bei itashuka. Gonga dari kwanza.

Kuna na njia ambayo hukuitaja. Ondoa vyote vya volti 100. Friji iliyokufa itolewe, mahali pake pawe na sanduku la barafu. Bakisha taa, feni na pampu za volti 12, paneli ya sola juu na betri yake. Mgeni anayelala Kizimkazi hakufuata friji, kafuata pomboo na upepo. Gari yenye vitu vichache ina vichache vya kuharibika, na mjomba mwenyewe atavielewa vingi, maana volti 12 ndiyo ya magari mengi aliyowahi kuyalalia chini. Utakodisha kwa bei ya chini, hilo ni kweli, na mumeo atakuwa na la kusema.

Jambo moja tu nitakuwa mkali, uniwie radhi. Asilale mtu humo, hata watoto wako kwa mchezo, mpaka gesi iangaliwe. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama chini, pale pale kwenye usawa wa godoro. Magari haya huachiwa matundu madogo sakafuni ili itoke. Mjomba alipokuwa na lami mkononi, hakuyaziba? Mpira wa gesi nao upake povu la sabuni uone kama linatoa mapovu. Na matairi, tazama tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Kashata zake zinaweza kuwa nzima kwa macho na mpira umekufa kwa umri.

Sasa hivi ni kipupwe, vuli bado. Una wiki kadhaa za jua. Jumamosi moja ingia ndani ya gari, funga vioo vyote, mpe mwanao mkubwa mpira wa maji. Aanze chini kabisa ya madirisha, akae hapo dakika kadhaa, kisha apande kidogo kidogo mpaka juu ya paa, asirukie. Wewe kaa ndani na chaki yako ya skuli. Kila unapoona tone, tia alama na uandike pembeni maji yalikuwa yamefika wapi huko nje. Kama mjomba atapita, mpe chaki ya pili.